Mtaro alioziba mama Shija

Jamani, leo nimeona aibu mpaka nikakosa pa kuficha uso.

Mvua ya asubuhi imejaza maji barabara yetu hapa Kigwa. Nikaufuata mtaro kutafuta chanzo. Namkuta mama Shija, jirani yangu mjane, ameuziba kwa viroba vya mchanga!

Nikawaka. "Mama, mbona unatufurikisha?"

Akanionyesha kwa kidole nyuma ya viroba.

Oili chafu kutoka gereji ya huko juu. Pampasi. Machupa. Vyote vilikuwa njiani kwenda kwenye lambo tunakochota maji ya kunywa.

"Maji nimeyageuzia shambani kwangu, mwanangu," akasema taratibu. "Yaliyowafikia barabarani ni yaliyonizidi. Mnisamehe."

Nikatazama shamba. Mahindi yake yote yamelala, meusi kwa oili.



Nikamfuata fundi wa gereji, nikaja naye. Nilitegemea ugomvi. Alisimama akayaangalia mahindi, akavua viatu, akaingia mtaroni kuzoa. Kesho analeta pipa la kuwekea oili chafu, isimwagwe tena mtaroni.

Jumamosi tunampandia mama upya, mvua bado ipo.

Nani ana mbegu?