Plafoni ya Gari Lililotuacha

Mtu aliyeingia uani kwangu asubuhi ile alikuwa anaendesha huku ameinamisha shingo, kwa sababu kitambaa cha dari ya gari lake kilikuwa kimeshuka mpaka kikamkalia kichwani. Alikuwa amekibana kwa pini za kushonea, nusu yake zimeshachomoka, na kila gurudumu lilipokanyaga jiwe la volkeno kitambaa kilimpiga usoni. Nilicheka peke yangu. Kazi yangu ni garnisaje, yaani kushona viti vya magari na kurudishia vitambaa vya ndani, na hicho kitambaa cha dari sisi watu wa Goma tunakiita plafoni. Mtu anayekuja na plafoni imemfunika macho huwa hana maringo.

Kicheko kiliniisha gari lilipogeuka. Lilikuwa jeupe, ila mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa wa kijani, mlango wa gari jingine uliofungwa pale bila kupakwa rangi. Mlango ule niliujua. Nilisimama mbele yake nikiwa mtoto, barabarani Rumangabo, mama yangu amekamata kishikio chake.

Tulikuwa tunakaa Rumangabo wakati huo. Baba, mtu wa Butembo, alikuwa amekwenda kwao kufuata mzigo wa maharagwe, na vita vikafunga barabara nyuma yake. Mama alikuwa ametoka tu kujifungua mtoto wa kiume. Hata kusimama wima ilikuwa taabu. Risasi zilipoanza kusikika karibu, watu wote walishika njia ya Goma kwa miguu. Jirani yetu pekee ndiye aliyekuwa na gari. Mama alimsimamisha, akakamata mlango ule wa kijani, akamwomba abebe yeye na kichanga basi, mimi ningetembea. Mbele alikaa mke wa jirani. Nyuma kulikuwa na viti vyao vya sebuleni, zile fotei kubwa za kitambaa laini cha velo nyekundu, zimepangwa mpaka dirishani. Jirani hakuteremka. Alisema, "Mama, bintu bimejaa, nafasi haiko," akakanyaga mafuta wakati mkono wa mama bado uko mlangoni. Mama alianguka barabarani na mtoto kifuani.

Tulitembea mpaka Kibati kwenye mvua, mama anavuja damu njia nzima. Kichanga kilishikwa na kifua, kikafia kambini chini ya turubai la shitingi, kabla baba hajapata kukiona. Miguu ya mama haikupona tena vizuri. Mimi toka siku ile nilimchukia mtu yule. Sisemi nilimkasirikia, maana hasira hupoa. Nilimchukia nikifua, nikila, nikisuka nywele. Mama naye alikuwa na mambo yake: kila mwaka, kwenye misa ya kumkumbuka mtoto, alikuwa anatoa pia nia ya kumwombea "yule papa wa gari", yaani yule baba mwenye gari. Wakifika hapo mimi nilikuwa natoka nje ya kanisa. Sikutaka Mungu akumbushwe kumtazama mtu huyo kwa jicho jema.

Na sasa huyo hapo, ameshuka garini, ana mvi na tumbo, anajipangusa uso. Hakunijua. Angenijuaje? Jirani huyo aliniacha mtoto mdogo, na hata siku ile macho yake yalikuwa barabarani. Mke wake alibaki ndani, amejifunga kitambaa kichwani, anatazama magoti yake.

"Mama, unisaidiye," aliniambia. "Hii plafoni inanifunika macho. Bibi yangu anasema ntamuua ku barabara."

"Gari ni ya zamani, papa. Juu ya nini hauiuzishe?"

"Kuuzisha?" Akalipiga gari kwa kiganja kama mtu anayepiga mgongo wa ng'ombe wake. "Hii gari njo ilituokoa ku Rumangabo, wakati ya vita! Nilibeba bintu byangu byote. Hata kiti moya haikubakia kule. Zile fotei ziko ku salon yangu mpaka leo."

Alisimulia kwa furaha, kama mtu anayesimulia harusi. Nilimtazama machoni nikingoja yainame. Hayakuinama. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kukutana na mtu anayeficha, na kumbe hakuwa na cha kuficha, alikuwa amesahau. Hilo liliniunguza kuliko ule mlango wenyewe.

"Acha ufunguo, papa," nilimwambia.

Hilo halikumshangaza. Kwa mafundi wa Goma mwenye gari huacha ufunguo, kwa sababu tunayahamisha magari kutwa nzima, mara kufuata kivuli, mara kukimbia mvua. Akachagua kitambaa cha beji, rangi ya mchanga, kizuri kuliko vyote dukani, na sponji mpya ya kuweka chini yake, akaondoka kwa miguu na mke wake nyuma.

Nilitoa viti vyote, taa ya ndani, vizuia jua na mipira ya milango, kisha nikateremsha ule ubao mwepesi ambao kitambaa hubandikwa juu yake. Sponji ya zamani ilikuwa imegeuka unga wa njano, ikaniingia puani na mdomoni. Unga huo lazima uusugue kwa brashi mpaka uishe kabisa ndipo upake gundi. Wenye haraka hupaka juu yake. Kitambaa kinashika vizuri, mteja anakusifu, kisha siku jua linapopiga bati la gari kinaanguka chote kwa mara moja. Mimi sijawahi kumfanyia mteja ubaya huo. Kwa huyu nilikusudia. Nilitaka kimwangukie akiwa mwendo wa kasi, kimfunge macho, naye apapase gizani. Mke wake sikumfikiria, au nilipomfikiria nilimsukuma pembeni.

Mama, ambaye tulikaa naye chumba cha nyuma ya atelie, karakana yangu, sikumwambia kitu. Nilimjua. Angetoka na fimbo yake kumpelekea yule mtu chai.

Gundi sikuipaka. Vita vilinitangulia. Asubuhi moja mabomu yalianza kulia upande wa Munigi, madirisha yakatetemeka, na barabara ikajaa watu wanaoshuka kuelekea mjini na mpakani, magodoro kichwani. Niliangalia uani. Gari lilikuwa pale, bila viti, bila plafoni, bati tupu. Ufunguo wake ulikuwa kwenye mfuko wa kitenge changu.

Nilirudisha kiti cha dereva peke yake, nikakikaza. Sakafuni nikatandika ile sponji mpya, na juu yake kile kitambaa cha beji alichokichagua mwenyewe. Nikamlaza mama hapo, nikawaita wanawake wa jirani na watoto wao. Gari lisilo na viti linabeba watu wengi ajabu. Mabomu yalikuwa yanalia na mimi nilikuwa na furaha, heri niseme ukweli.

"Hii gari ni ya nani?" mama aliuliza.

"Ya kliya," nilijibu, kama vile ni mteja yeyote.

"Na mwenyewe iko wapi?"

"Atakuja, mama."

Nilitaka aje. Nilisimamisha gari getini, injini inanguruma, wanawake wananitukana kwa nini siendi, na mimi namngoja mtu mmoja.

Alikuja. Alikuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na juu ya chukudu zile fotei nyekundu zimefungwa kwa kamba za mpira. Mke wake alimfuata na mfuko mmoja mkononi.

"Ah, mama, Mungu akubariki, ulingoja!" alisema akihema. "Fungua nyuma tuingize bintu."

"Batu tu, papa. Bintu bibakie," nilimjibu.

Mke wake hakungoja. Aliingia kwa mlango wa kijani, akajibana kwenye sponji, uso kwa uso na mama yangu. Katika kioo niliwaona wanatazamana kwa muda mrefu, kisha yule mwanamke akauchukua mkono wa mama akaushika. Mama akageuka kutazama nje, na hapo akajua gari ni la nani.

Mlango wa mbele niliufungua mwenyewe. Nasema hivyo ili mtu asije akasimulia vingine: pembeni yangu palikuwa pamebaki nafasi ya mtu mmoja, na mlango ulikuwa wazi. "Ingia, papa," nilimwambia. Lakini alikuwa ameshageukia chukudu, anapambana na fundo la mpira. "Moya tu! Fotei moya tu, mama, itaingia!" Nilimwacha afungue fundo. Nilimwacha aikumbatie ile fotei na kuinyanyua mpaka ikamfunika uso. Alipochukua hatua ya kwanza kuja kwetu, niliondoa gari.

"Simama!" mama alipiga kelele. "We mutoto, simama, unaacha mutu!" Akanipiga fimbo ya bega. Akanipiga tena. Katika kioo niliona yule mtu anakimbia nyuma yetu kwa hatua za kuyumba, fotei bado iko mikononi mwake, hajaitupa. Mama akaanza kulia, akaniita kwa jina la ubatizo, jina analoniita nikiwa nimemkosea Mungu, na mguu wangu ukahama wenyewe ukaenda kwenye breki.

Mkono ukaja toka nyuma ukanishika bega lile lile lililopigwa. Ulikuwa wa mke wake.

"Siku ile nilimuomba atupe kiti moya, mama yako aingie na mutoto," alisema. "Nilimuomba mpaka Kibati. Endesha, binti yangu."

Mama akashusha fimbo. Nikatia gia ya pili, tukashuka na watu kuelekea mpakani.