Nywele Kwenye Magurudumu

Nilimfukuza paka nyumbani kwa kosa la nywele. Paka akaondoka, nywele zikaendelea kuja.

Wakuu, vuteni viti. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na mpaka leo nikiyakumbuka najisikia vibaya.

Mimi ni fundi wa mafriji. Mteja wangu mmoja alikuwa anahama, akaniachia boksi la treni ndogo, zile za umeme ambazo vichwa vyake vinaenea kiganjani. Nilidhani ni midoli ya watoto. Nikaunganisha reli mbili tatu, nikawasha, ikaenda.

Basi, nikanasa.

Chumba cha wageni kikageuka shirika la reli. Nilijenga meza ukuta hadi ukuta, nikaweka stesheni, daraja, handaki, na abiria wadogo kama punje za mchele. Niliwapaka rangi mmoja mmoja, jicho kwenye lenzi ya kukuzia. Wageni wakija wanalala sebuleni. Shemeji yangu akanibatiza Waziri wa Uchukuzi, na mimi nikaona ni sifa.

Nyumbani tulikuwa na wanyama wawili. Mbwa mzee wa rangi ya mchanga, kazi yake kukoroma chini ya meza ya treni. Na paka mweusi tii, Masizi, kipenzi cha mke wangu.

Sasa, treni hizi zina adui mmoja: unywele. Ukijizungusha kwenye ekseli, gurudumu linagoma, behewa linaruka reli. Unaipindua treni miguu juu, unachukua kibano, unachomoa. Kesho unakuta mwingine.

Na nywele zilikuwa nyeusi. Mbwa nikamwachia huru kwa kukosa ushahidi.

"Huyu paka wako atanitia wazimu," nikamwambia mke wangu.

"Masizi hapandi mezani. Akiingia humo anakaa mapajani tu."

"Mapajani mwa nani, na mimi nashinda kazini?"

Akafungua mdomo. Sikusubiri jibu, nilishageukia treni yangu.

Nirudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo dhambi yangu ilipo.

Jioni moja kabla ya kesi ya paka, mke wangu alikuja akasimama mlangoni. "Mume wangu, nina jambo nataka tuongee."

"Subiri treni ifike stesheni," nikasema.

Treni ikafika. Nikaona taa ya stesheni haiwaki, nikaanza kuhangaika na nyaya. Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Nikajisemea, ah, litakuwa jambo la gesi.

Tangu hapo akawa anafunga kitambaa kichwani hata ndani ya nyumba. Nilikiona. Nikadhani ni mtindo.

Haya, turudi kwa paka. Mshonaji wa mtaa wa pili alikuwa analalamika panya wanamtafunia vitambaa vya wateja. Nikaona hapo hapo ndipo pa kumpeleka. Nikatangaza kwamba Masizi amepata uhamisho wa kikazi.

Mke wangu hakubisha. Alimbeba mpaka mlangoni, akamnong'oneza kitu sikioni, akanikabidhi pamoja na bakuli lake. Moyoni nikasema, kumbe ni rahisi hivi.

Nilisafisha chumba kizima. Nikafuta reli kwa pamba, nikakung'uta pazia, hata mbwa nikampiga brashi. Treni ikateleza raha mustarehe.

Siku chache tu. Kisha behewa la mwisho likaanguka darajani.

Unywele. Mweusi.

Nilipandwa na hasira. Nikatoka mbio hadi jikoni. "Umemrudisha paka kwa siri!"

"Sijamrudisha."

"Ninapotoka unamwingiza, ninaporudi unamtoa. Unaniona mtoto mdogo?"

"Mume wangu, sijamrudisha."

Nikamwita mwongo. Wakuu, ningeweza kuliruka hilo neno hapa na msingejua. Nilimwita mwongo, na yeye akaendelea kukata vitunguu bila kuinua kichwa.

Nikarudi chumbani kukusanya ushahidi wa kumuumbua. Nikachomoa nywele zote, nikazipanga juu ya karatasi nyeupe, nikasogeza lenzi.

Unywele wa paka umenyooka. Hizi zilikuwa zimejikunja, vipete vipete. Zilikuwa nywele za mtu.

Mimi nina upara tangu ujana wangu. Na nyumba ile tulikuwa wawili tu.

Pale pembeni palikuwa na kiti changu. Kwenye mto wa kuegemea, nywele. Sakafuni chini yake, nywele. Nikaelewa mapaja yalikuwa ya nani.

Nikarudi jikoni taratibu. "Mke wangu, hebu fungua kitambaa."

Aliweka kisu chini. Akafungua.

Sitaeleza nilichokiona, zaidi ya kusema kichwa kilikuwa na mabaka matupu, na shingoni, mahali ambapo ncha za kitambaa zilikuwa zikining'inia, palikuwa pamevimba.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya kusubiri treni ifike stesheni."

Hospitali walikuwa wamemwambia arudi na mumewe. Alikuja mlangoni kuniambia hilo. Aliposhindwa, akawa anaingia kwenye kile chumba mchana nikiwa kazini, anakaa kwenye kiti changu na Masizi mapajani, anawasha treni na kuitazama.

"Nilikuwa najizoeza namna ya kukwambia," akasema. "Masizi alikuwa ananisikiliza."

Na mimi nikamwondoa hata huyo msikilizaji.

Asubuhi tulikwenda hospitali pamoja. Ilikuwa tezi ya shingo. Akafanyiwa upasuaji, akapona, nywele zikaanza kuota. Lakini sauti yake imebaki ya kukwaruza. Yule mwanamke aliyekuwa akiimba jikoni mpaka jirani anaitikia, sasa haimbi.

Nilimuuliza daktari kama ule muda tuliopoteza ndio uliochangia. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia.

Nilikwenda kumchukua Masizi. Mshonaji akacheka. "Huyu? Mbona mkeo alikuwa haipiti siku hajaja kumwona? Wanakaa pale nyuma, wanaongea."

Masizi alirudi. Mimi hanisogelei, na simlaumu.

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mke wangu hakuficha. Alikosa wa kumwambia, na mwenye masikio alikuwa chumba cha pili akiwapaka rangi abiria wasiokuwa na roho. Ndugu yangu, kama kuna mtu amesimama mlangoni kwako, geuka umtazame kwanza.

Siku hizi tunakaa wote kule ndani. Yeye kwenye kiti, kichwa wazi, paka mapajani. Mimi kwenye swichi.

Jana akaniita kwa ile sauti yake. "Mume wangu."

Nikazima. Treni ikasimama katikati ya daraja.

"Aa, ungeiacha tu ifike," akasema. "Nilitaka kukwambia chumvi imeisha."

"Sema yote," nikamwambia. "Treni itasubiri."