Wifi Alipopalilia Ukingo

Mumewe alipofariki, ndugu za marehemu waligawa shamba kabla mjane hajafuta machozi. Sehemu ya juu wakachukua wao. Yeye wakamwachia ukanda wa mtoni, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, akamwambia ana bahati, maji yatamfuata hadi mlangoni. Wakacheka. Tangu siku hiyo wakamwita Mama Ukingo, na jina likamganda kama kupe.

Maji yalimfuata kweli. Shemeji huyohuyo alikuwa amekata mikuyu yote ya pale na kung'oa matete ili achome matofali, hivyo mafuriko yalipokuja hayakukuta kizuizi. Yalimega udongo kama mkate, yakabeba choo, yakabeba migomba, yakaishia hatua chache tu kutoka ukuta wa jiko. Mvua nyingine ikija kabla udongo haujashikwa, jiko litakwenda, na nyumba itafuata. Waliomgawia mahali pale hawakuja hata kumpa pole.

Alichofanya ni kukumbuka ukingo ulivyokuwa alipoletwa pale akiwa bi harusi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, alishuka kwenye kinamasi cha jirani, akachimba matete pamoja na mizizi yake, akayapanda safu kwa safu. Katikati alichomeka matawi mabichi ya mkuyu, na nyasi za mtoni akaziacha ziote zitakavyo. Watu wakasema ujane umemfanya mvivu, anafuga msitu. Akajikaza kisabuni.

Kisha akaja wifi yake, dada wa marehemu, ambaye hakuwa amekanyaga pale tangu shamba ligawanywe. Alikuta mlango umefungwa. Jioni Mama Ukingo aliporudi, vidole vimesinyaa kwa sabuni, aliona ukingo mtupu, umepaliliwa na kufagiwa. Matete yamerundikwa kando kama takataka, na wifi amekaa kizingitini anajipepea kwa upindo wa kanga, ameridhika.

"Nimeona aibu kukaa bure, wifi," alisema. "Nimekusafishia. Sasa panafanana na shamba la mtu."

Damu ilimchemka Mama Ukingo. "Nani kakutuma? Kaka yako?"

Wifi akanyoosha viganja. Vilikuwa vimejaa malengelenge. Alipoelezwa kwamba yale aliyoyang'oa ndiyo yaliyotegemewa kushika udongo, alijiziba mdomo kwa mkono. Wote wawili walipita mikononi mwa mama mmoja, mmoja kwa kuzaliwa, mwingine kwa kuolewa. Mama huyo alikagua shamba kila asubuhi, na jani moja lililosahaulika liliweza kumkosesha mtu amani kutwa nzima. Mama Ukingo aliviangalia tena vile viganja. Mtu aliyetumwa kuharibu, aliwaza, asingejichubua hivyo.

"Yaani nimekuzika, wifi?"

"Bado. Beba hayo matete kabla mizizi haijakauka. Na usiniite wifi mpaka tumalize."

Walipanda hadi giza likaingia, na kesho yake wakaendelea. Shemeji alipita juu akauliza kama wanatafuta dhahabu. Dada yake akamjibu bila kugeuka kwamba wanaziba shimo la matofali yake. Mama Ukingo aliinama zaidi ili asionekane akicheka.

Mvua iliwahi. Upande wa chini, walikopanda matete yaliyochomwa sana na jua, ulimeguka wote ukaenda. Upande wa jiko matete yalilala maji yalipopita juu yake, kisha yakainuka, yametapakaa tope, na udongo chini yake upo.

Wifi alifika anakimbia, kanga imelowa, akamkuta jikoni anachochea moto.

"Kule chini kumekwenda," alisema kwa sauti ndogo.

"Kumekwenda. Utapanda tena wewe, wifi, mimi nina mashuka ya watu."

Akammiminia chai, akaongeza sukari bila kuulizwa.