Matawi ya Njia ya Geita

Juzi nilipewa lifti kutoka Kahama kwenda Geita na mhandisi mgeni, mwenye leseni ya kimataifa na mwendo wa kistaarabu. Karibu na kona moja tukakuta matawi mabichi barabarani. Akasimama, akashuka, akaanza kuyaondoa taratibu kama anayefagia ua wa jirani.

Mama aliyekuwa akiuza michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kando ya barabara alipiga kelele: "Acha, baba! Yarudishe! Unataka kuua watu?"

Nilimtafsiria mgeni, nikamweleza kwamba kwetu matawi ni alama: mbele kuna gari bovu. Kweli, baada ya kona, lori la pamba lilikuwa limekatika ekseli katikati ya njia. Mgeni aliyarudisha yote, moja moja, jasho likimtoka.

Tangu hapo, kila penye tawi alipunguza mwendo, hata kwa yale makavu yaliyoachwa na malori yaliyokwishaondoka na sisi wenyeji tukaona uvivu kuyatoa. Dereva mmoja alitupita kwa honi ndefu, kichwa nje ya dirisha: "Mwambie huyo mgeni ajifunze kuendesha!"

"Anasemaje?" mgeni akaniuliza.

Nilimwambia anatusalimia.