Mwanafunzi Mmoja wa Kemia

Shule nzima ilimwita Mwalimu Chumvi, naye hakununa. Alikuwa amefundisha kemia miaka thelathini. Walimu wa rika lake walishastaafu, mkewe alishatangulia mbele ya haki, na wanafunzi, jamani, walilikimbia somo lake kana kwamba linauma. Mwaka huo alibakiwa na mmoja tu, binti wa fundi saa, mwenye maswali yasiyokwisha. Kwa ajili ya huyo mmoja, Mwalimu alipiga pasi shati kila asubuhi.

Binti naye alitaka kwenda shule ya bweni yenye maabara ya kweli. Akifaulu mtihani wao, anaondoka, na somo linafutwa. Mwalimu alilijua hilo fika, na bado ndiye aliyekuwa akimwandaa.

"Kalsiamu ina chaji mbili chanya," alimwambia siku ya mwisho kabla ya mtihani, "fosfeti tatu hasi. Zibadilishane namba. Haya, andika."

Binti akaandika Ca₃PO₄₂. "Nimepata?"

Mwalimu aliliona kosa, akageukia dirishani. "Nenda kapumzike."

Tuseme ukweli, hakupitiwa. Alitaka abaki. Alifikiria darasa tupu, na nyumba ambayo redio inawashwa asubuhi ili tu isikike sauti ya mtu. Upweke ulimziba mdomo mpaka binti alipofika getini. Hapo aibu ikamshika, akatoka mbio, viatu vikimpwaya.

"We binti, hebu subiri! Umeandika oksijeni arobaini na mbili, unataka kutumaliza?"

Wakaliegemeza daftari ukutani.

"Fosfeti nzima ndiyo iko mara mbili. Ifungie kwenye mabano, hiyo mbili ikae nje."

Binti akaandika Ca₃(PO₄)₂. "Loo! Ningefeli mimi. Mbona hukuniambia darasani, Mwalimu?"

"Macho ya uzee, mwanangu," alidanganya.

Alifaulu, tena vizuri sana. Aliondoka Jumapili na baba yake, na kwa furaha aliyokuwa nayo hakukumbuka kupita kuaga.

Jumatatu mkuu wa shule alimpa Mwalimu mkono. "Hongera, umetutoa kimasomaso! Sasa utapumzika, mzee wangu. Vipindi vyako tumeshavifuta."

Mwalimu akashukuru. Kisha akaomba apewe kazi yoyote ya jioni, hata kusimamia michezo, asije akawa anarudi nyumbani mapema.