Vikombe Vitano vya Bluu

Nyumba za Sydney zilijengwa na watu wanaoamini kwamba baridi ni uvumi. Julai ikifika, hapa kwetu Toongabbie ndani kunakuwa na baridi kuliko nje, nasi tunakaa sebuleni na makoti kama abiria wa treni iliyochelewa. Ndiyo maana nilijifunza kutengeneza kinywaji cha moto cha wiski na brandi ya tufaha.

Nachemsha juisi ya tufaha kwa moto mdogo, na mdalasini, karafuu, tangawizi iliyopondwa na ganda la chungwa, mpaka dirisha la jikoni linaloa mvuke. Nazima jiko, natia asali. Wiski na brandi huja mwisho kabisa, kila kikombe na chake, maana ukizichemsha unabaki na harufu tu na hasara.

Jumamosi moja utaratibu huo ulinifaa kwa sababu nyingine. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi nasi, alikuwa hajagusa pombe tangu Krismasi. Pombe ilishamkosesha kazi ya ghala na ilikaribia kumkosesha ndugu. Sasa kaka mkubwa wa mume wangu alikuwa anakuja na mkewe kutoka Blacktown, na shemeji huyo akimwona mwanamume anakunywa soda humhoji kama polisi. Nikapanga vikombe vitano vya bluu vinavyofanana. Cha mdogo wangu ningekijaza kutoka sufuriani, nisiongeze kitu, na nani angejua? Nilijiona mjanja sana. Hata yeye mwenyewe sikumwambia.

Nilichosahau ni jambo ambalo hata mtoto wa kwetu halisahau. Nilipoweka vikombe vya juisi kwenye meza ya pembeni, nikiwapa wageni mgongo, na kushika chupa ya kwanza, shemeji alinizuia.

"Shemeji, hebu kaa. Kijana yuko hapa, na wewe ndiye unatuhudumia? Kijana, chukua hizo chupa."

Kwetu mdogo ndiye huwamiminia wakubwa, na kukataa ni utovu wa adabu. Nilifungua mdomo niseme lolote, hata uongo. Mdogo wangu akanitikisia kichwa kidogo, akainuka.

Alimimina vizuri, mkono wa kulia kwenye chupa, wa kushoto ukiushika wa kulia, kama tulivyofundishwa. Wiski kwanza, kisha brandi. Mimi niliogopa. Sikuangalia vikombe, niliangalia uso wake.

"Ongeza, bro, usiogope," shemeji alisema. "Kwani ni yako?"

Wote wakacheka. Akainamisha chupa zaidi, brandi ikamtiririkia vidoleni. Akaweka chupa chini taratibu, akaenda jikoni, mkono ameunyoosha mbali na mwili.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya sinki bila kugusa chochote.

"Nifungulie maji, dada."

Nikafungua. Alinawa kwa sabuni ya vyombo, akasugua mpaka kwenye kiwiko.

"Nimeelewa ulichotaka kufanya na kikombe changu. Next time uniulize kwanza," alisema bila kunitazama. "Ningekaa zangu chumbani. Ama ningemwambia tu mwenyewe, sinywi. Mnanificha kama aibu."

Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeona haya kweli, na haya ile ilikuwa yangu, si yake. Nikamwambia pole. Akafunga maji, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Nusa. Harufu imetoka?"

Niliinama. Sabuni ya limau ilinuka sana, na chini yake, kwa mbali, tufaha na pombe. Ingekuwa rahisi kusema imetoka. Sebuleni walikuwa wanatuita, vinywaji vinapoa.

"Bado kidogo," nikasema.

Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akafungua maji tena.