Rami ya Baba Mkubwa

Admin, jina langu naomba ulifiche na kijiji usikitaje, maana huku milimani Upare watu wanajuana hata kwa kikohozi. Majina machache niliyoandika nimeyabadilisha mwenyewe.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, naishi na mama kijiji kimoja juu ya mji wa Same. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Mwaka huu ukoo wetu uliamua tuwe na kompyuta ya kutunza orodha ya zamu za maji ya ndiva, lile bwawa la ukoo tunalotumia kumwagilia mashamba. Ikafanywa kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Kama tunavyozibua mfereji kila mtu na jembe lake, kila nyumba ikaleta kifaa kimoja: huyu kasha, yule diski, shangazi kioo, mama yangu rami. Rami ni kile kipande chembamba ambamo kompyuta inashikilia kazi kabla haijaihifadhi. Rami ya pili aliileta baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, anayeishi Same mjini. Mimi ndiye niliyeunganisha, kwa sababu nasoma somo la kompyuta shuleni, na mashine ikakaa kwetu.

Haikumaliza wiki. Ikawa inaganda, inaleta skrini ya bluu, inajizima. Notisi nilizoandika asubuhi zikafunguka mchana zimejaa alama zisizosomeka. Siku moja orodha ya zamu ikagoma kufunguka, programu ikasema inaweza kuitengeneza, nami nikakubali bila kulinganisha na daftari la zamani la zamu. Hilo ni kosa langu na nimelikiri. Nyumba mbili zilikuwa zimepotea kwenye orodha, mojawapo ya Bibi Namkunda, mjane. Mahindi yake yalikosa maji zamu mbili, na alikuja kwetu akasimama mlangoni akauliza kwa upole, "Mwanangu, mimi nimewakosea nini?"

Basi baba mkubwa akapanda kuja kutuokoa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaipiga mashine kofi la ubavuni. Akaifungua, akapuliza ndani kwa nguvu, mate yakatangulia pumzi. Akatangaza, "Hii ina virusi." Akaingiza programu tatu za kuua virusi kutoka kwenye flashi yake, na virusi pekee niliowahi kuwaona kwenye mashine ile walitoka kwenye flashi hiyo. Ilipojizima mbele yake, akasema umeme wa milimani ni mwepesi.

Nikamwambia, "Baba mkubwa, tungejaribu kutoa kifaa kimoja kimoja tuone."

"Utatoa nini, binti? Rami yangu ndiyo inaibeba mashine hii. Ya mama yako imewekwa isindikize tu." Kisha akawageukia ndugu waliojaa sebuleni. "Hivi vitu vinataka mtu aliyekaa ofisini. Huyu anaishikashika kama anachambua maharage."

Wakacheka. Mama naye alicheka kidogo, akiangalia sakafu. Huko ofisini, nimekuja kujua, baba mkubwa alikuwa anatunza ufunguo wa stoo ya karatasi. Ni kazi halali na siidharau. Ninachokidharau ni kuugeuza ufunguo ule kuwa shahada.

Mwalimu wangu wa kompyuta ndiye aliyenipa flashi yenye programu ya kupima rami. Alisema, "Usibishane na mtu. Pima, andika, badilisha kitu kimoja tu, pima tena." Jumapili niliiacha ikipima tukaenda ibadani. Tuliporudi, skrini ilikuwa nyekundu kwa makosa. Nikatoa rami zote, nikapima ya mama peke yake: safi. Nikapima ya baba mkubwa: makosa tangu dakika ya kwanza. Nikaihamishia kwenye nafasi ya mama: makosa yakaifuata. Niliandika yote kwenye daftari, nikaitoa rami yake, nikairudisha orodha upya kutoka daftari la zamani. Tangu hapo mashine haijaganda hata mara moja.

Mngedhani yameisha. Jumamosi hii kuna kikao cha ukoo, na baba mkubwa ameshapitisha maneno kwamba kompyuta ihamie kwake mjini "ikae na watu wanaoielewa". Ikiondoka, zamu za ndiva tutakuwa tunamuulizia yeye kwa simu, nami sitakuwa na pa kujisomea, na ninatamani sana kuja kusomea kazi hii. Ila kwa msaragambo wetu, kukataa jembe la mtu ni kumkataa mwenyewe. Nikisema rami ni mbovu mbele ya wazee, nimemvua nguo kaka wa baba yangu.

Mama ananisihi, "Irudishe siku ya kikao tu, mwanangu. Waione, wamshukuru, kesho uitoe."

Nimefundishwa kuwaheshimu wakubwa, na sijawahi kumjibu mtu mzima vibaya. Lakini kila nikimfikiria baba mkubwa, moyoni napata dharau tupu, na najiogopa. Wakati mwingine nadhani nikimweleza taratibu, na daftari langu mkononi, anaweza kuelewa. Mwalimu anaamini hivyo, na mimi nataka kuamini.

Tatizo ni kwamba zamu mpya zitaingizwa kikaoni hapo hapo, wazee wakitaja majina mimi nikichapa. Rami yake ikiwa ndani, sijui ni jina la nani litapotea safari hii. Bibi Namkunda ana zamu Jumatatu.

Dada zangu, kaka zangu, na ninyi wazazi mnaosoma hapa: nimwambie baba mkubwa pembeni kabla ya kikao, niseme mbele ya wote, au nimsikilize mama? Nielekezeni kabla ya Jumamosi. Ujumbe huu nimeuandikia kwenye mashine ile ile, kwa rami ya mama peke yake, na umefika wote.